Konokono wa Birika

Birika la msikiti wetu lilijengwa katika miaka ya vita na vikwazo, wakati maji ya bomba yalipokuwa yakifika Buyenzi kwa zamu ambazo hakuna aliyezijua. Mtu alifungua robine alfajiri, akasikia hewa ikikoroma ndani ya bomba, akafunga. Nguzo za umeme zilikuwa zikiangushwa kule milimani, na zikianguka pampu zilisimama, na pampu zikisimama watu wa mtaa wetu walishuka na madumu hadi mto Ntahangwa. Waumini walifika msikitini na vikopo vyao vya maji kutoka nyumbani. Wengine walitia udhu kwa maji ya nusu kikombe, wakiyakadiria kwa kiganja kama watu wanaopima chumvi.

Aliyetoa birika ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa lori. Aliuawa barabarani, kwenye kona za juu, pamoja na utingo wake, na lori likachomwa. Baada ya arobaini shangazi alikwenda kwa shehe wa msikiti akamuuliza ni sadaka gani haiishi haraka. Shehe alimwambia ni ile ambayo watu wanaendelea kuitumia: kila anayenufaika, thawabu humfikia marehemu huko aliko. Akamtajia msahafu, mti wa matunda, kisima. Shangazi alichagua maji.

Lilikuwa birika la matofali na saruji, refu kama gari dogo, lenye kina cha kufika kiunoni. Lilikaa kando ya ua wa msikiti, karibu na lango, na lilijazwa na mvua kutoka kwenye paa, na mvua ikikosekana lilijazwa na maji ya bomba siku yalipotoka au kwa mapipa ya mkokoteni. Watu walikaa ukingoni, wakachovya mikono, wakasukutua, wakaosha miguu juu ya mfereji. Mafundi wa gereji za jirani waliingiza mikono yao hadi kwenye viwiko. Nililiona vizuri kwa sababu wakati huo, masomo yangu yakiwa yamekatika kama ya wengi, nilikuwa nauza vipuri katika duka la mjomba wangu lililotazamana na lango. Mteja akiwa hayupo, sikuwa na la kufanya ila kutazama nani ameingia na nani ametoka.

Shangazi naye alitazama. Alasiri alileta kigoda chake, akakiweka kwenye kivuli cha duka letu, akakaa akichambua mchele au majani ya mihogo. Hakuzungumza sana. Watu wakichovya mikono, midomo yake ilicheza kidogo. Niliwahi kumuuliza anasoma nini, akasema, "Sisomi. Naesabu tu kama iko inamufikia."

Baada ya miezi michache maji yalianza kuwa na viluwiluwi vya mbu. Msikiti ulijaa mbu wakati wa Isha, na wazee wakawa wanapiga makofi shingoni katikati ya sala. Shehe alitaka birika limwagwe na kusuguliwa, lakini kumwaga maji katika mwaka ule lilikuwa neno zito. Ndipo shangazi akakumbuka. Ukoo wetu ulitoka Ujiji, na kabla ya Ujiji ulitoka mbali zaidi, na bibi yake alikuwa akiwasimulia kwamba misikiti ya kwao ilikuwa na samaki wadogo ndani ya birika. Samaki hula viluwiluwi. Mtu anatia udhu, samaki wanamgusa vidole, hakuna anayeshtuka.

"Wazee wa kwetu walikuwa na akili," shangazi alisema. "Sisi tunapiga makofi kama tuko kwa arusi."

Kulikuwa na mwanamke aliyekuja sokoni akiuza mchele wa Imbo, ule uwanda wa mto Rusizi ulioanza nje tu ya mji na ambao watu wa mji walikuwa wameacha kwenda. Yeye aliishi huko na alijua siku ya kupita na siku ya kutopita. Shangazi alimwagiza samaki wadogo wa mifereji ya mpunga. Walikuja ndani ya dumu la mafuta lililokatwa juu, na juu ya maji yule mwanamke alikuwa ametandaza majani ya majini, fungu zima, ili jua lisiwaue samaki njiani. Shangazi alimimina vyote birikani: samaki, maji, majani. Majani yalipendeza. Yalielea pembeni yakatoa kivuli, na samaki wakajificha chini yake mchana.

Mbu walipungua. Shehe alimsifu shangazi mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa. Mafundi walianza kuwalisha samaki makombo ya sambusa. Hivi ndivyo mambo yalivyokaa kwa majira mazima ya kiangazi.

*

Mwalimu wa chuo kikuu alikuja kwa sababu ya dinamo. Alikuwa mwanamke wa makamo, anaishi Mutanga Nord, mtaa wa wenye nafasi, anafundisha elimu ya viumbe, na gari lake lilikuwa halichaji. Gereji iliyokuwa inalitengeneza ilipakana na ukuta wa msikiti. Alipochoka kusimama alikwenda langoni kutafuta kivuli, na kutoka pale aliliona birika. Nilimwona akiinama. Akachutama kabisa. Kisha akakunja mkono wa blauzi na kuingiza mkono majini.

"Madamu, apo apana kufulia," fundi mmoja alimpigia kelele akiwa chini ya gari.

"Sifui. Nani aliweka iki kitu?"

"Kitu gani?"

"Iki." Alinyanyua kidole. Juu yake palikuwa na konokono mdogo, bapa, aliyejisokota kama kamba iliyokunjwa na kuwekwa sakafuni. Alitoshana na kifungo cha shati.

"Aa, konokono! Iko mingi. Unataka kula? Jamaa, muje muone, madamu wa Mutanga anakula konokono kama Wafaransa!"

Walicheka wote. Yeye pia alicheka, lakini hakumrudisha konokono. Aliomba chupa. Nilimpelekea ya dawa ya breki iliyokwisha kuoshwa, na kwa kuwa nilikuwa na mazoea ya kuuliza, nikamuuliza wale ni konokono gani. Yeye akaniuliza wametoka wapi. Nikamweleza habari ya samaki, dumu la mafuta na mwanamke wa mchele. Aliponisikia nikitaja mifereji ya Imbo aliacha kutafuta wengine akanitazama.

"Mifereji ya mpunga? Una uhakika?"

"Muuzaji mwenyewe yuko. Anakuja sokoni."

Alikaa ukingoni mwa birika. Alisema amefanya kazi kwenye mifereji ile kabla ya vita, akiokota konokono hawa hawa, na kwamba tangu barabara ifungwe wanajeshi wamemrudisha kila alipojaribu. Siku hizi anaokota kwenye mitaro ya Ngagara na kwenye matope ya kando ya ziwa, penye usalama. Uwanda ulikuwa umebaki tupu kwenye ramani yake. Sasa uwanda umekuja mjini ndani ya dumu.

Halafu akasema jambo la pili, kwa sauti ya chini zaidi. Konokono wa aina hii ndiye anayebeba kichocho cha tumbo. Minyoo inakulia ndani yake, inatoka majini midogo isiyoonekana kwa macho, na inapenya kwenye ngozi ya mtu aliyetia mkono.

Mkono wake mwenyewe ulikuwa bado umelowa. Aliufuta kwa kitambaa, taratibu, hadi juu ya kiwiko.

Buyenzi habari haihitaji kupelekwa. Kabla ya Magharibi shangazi alikuwa dukani, kigoda mkononi, hakukaa.

"Watalifunga?"

Nilimwambia sijui. Alisimama akilitazama lango. Kama birika lingefungwa, watu wangerudi kwenye vikopo vyao, na kile kilichokuwa kinamfikia mwanawe kingekatika. Hakuwa na mali nyingine ya kujenga kitu cha pili. Alijua hivyo, nami nilijua, na sidhani kuna mtu katika ua ule ambaye hakujua.

*

Ijumaa iliyofuata wazee walilijadili jambo baada ya sala, wakiwa wamesimama kuzunguka birika. Mwalimu alikuwa amealikwa akasimama langoni, kitambaa kichwani. Nilitarajia wataanza na ugonjwa. Walianza na udhu.

Shehe alieleza kwamba mdudu asiye na damu, akiishi au akifa ndani ya maji, hayanajisi. Nzi, mchwa, konokono, wote ni mlango mmoja. Kwa hiyo hakuna sala ya mtu iliyoharibika, watu watulie.

"Na kama iko na damu?" fundi wa radieta aliuliza. Alikuwa mtu mnene, mbishi, ambaye hakuwahi kumaliza kazi bila kumgombeza mwenye gari.

"Konokono haina damu."

Fundi alichovya mkono, akatoa konokono, akamweka ukingoni na kumbonyeza kwa kidole gumba. Ganda lilivunjika. Juu ya saruji palibaki tone jekundu.

Kisha wakasema wote pamoja.

"Ni rangi ya chakula!"

"Anakula nini chekundu? Anakula rangi ya kapoti ya gari?"

"Tumesali miezi yote iyo na damu mu maji?"

"We mwenyewe umeua kiumbe mu nyumba ya Mungu, tuanze na iyo!"

Shehe aliinua mkono, akamgeukia mwalimu. Nakumbuka alivyomuuliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua. "Madamu, iyi ni damu?"

"Ni damu, shehe. Konokono wengi damu yao haina rangi. Huyu yake ni nyekundu kwa kitu kile kile kinachofanya yetu iwe nyekundu. Inamusaidia kupumua mu maji mabaya."

Wazee walitazamana. Mzee mmoja aliyekuwa na kibyongo, ambaye siku zote alikaa safu ya kwanza, alisema kwa huzuni ya kweli kwamba atalipa sala zake zote tangu kiangazi. Shehe aliinama akalitazama tone. Hatimaye alisema kwamba hata kama ni damu, birika ni kubwa, maji ni mengi kuliko kipimo walichoweka wanazuoni, na maji mengi hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Haya hayajabadilika. Sala ni sahihi. Mzee wa kibyongo alishusha pumzi, mtu akampiga begani.

"Sasa ugonjwa," mwalimu alisema kutoka langoni.

Kwa hilo shehe alisema hawezi kutoa hukumu bila kujua. Kama wale konokono ni wagonjwa, birika lifungwe. Kama ni wazima, kwa nini lifungwe, maji yenyewe yako wapi? Mwalimu alisema anaweza kuangalia. Mimi nikatumwa kwenda naye ili msikiti uwe na jicho lake pale.

*

Maabara yake ilikuwa chumba kirefu kilichoelekea mashariki. Umeme haukuwepo. Kwenye rafu kulikuwa na mitungi ya mayonezi na ya kahawa, kila mmoja na konokono wake, kila mmoja na kipande cha plasta kilichoandikwa mahali walipookotwa. Alikuwa mkali sana juu ya mitungi ile. Kijiko kilichogusa mmoja hakikugusa mwingine. Kila alipochukua mtungi alisoma kwa sauti ulikotoka, na niligundua kwamba sauti yake ilishuka kila alipofika kwenye neno asili. Mwaka ule neno hilo halikutamkwa hovyo. Mtu aliyeulizwa asili yake barabarani alijua anaulizwa nini.

Alitia kila konokono wetu kwenye glasi yake ya maji safi, akazipanga dirishani. Jua likipanda, alisema, minyoo hutoka wakati ambao watu huingia majini. Tukasubiri. Hadubini yake ilikuwa ya zamani, yenye kioo chini cha kunasa mwanga wa jua, na alisema vita vimemfanya aishukuru.

Wakati wa kusubiri nilimuuliza anatafuta nini hasa, kwa sababu kuangalia ugonjwa hakuhitaji mitungi yote ile. Alinieleza, nami naandika kama nilivyoelewa. Anakata kipande kidogo cha nyama ya konokono, anakihifadhi kwenye spiriti, na mwenzake aliye Ulaya anasoma vinasaba vyake. Kwa vinasaba wanajua nani ni ndugu wa nani. Konokono huyu ni dume na jike kwa wakati mmoja. Akikosa mwenzake, anazaa peke yake. Mmoja tu akianguka kwenye dimbwi, dimbwi linajaa, na wote wanaozaliwa wanafanana kama funguo zilizochongwa kutoka kwenye ufunguo mmoja.

"Ni vizuri au ni vibaya?" niliuliza.

"Inategemea. Mnyoo ukipata ufunguo unaoingia, unaingia kwa wote."

Alisema jamaa wa konokono huyu wako hata Amerika, ng'ambo ya bahari. Mayai yake ni utelezi ulioganda, yanashika chini ya jani, yanashika mguu wa ndege, yanashika majani ambayo watu huuziana kwa ajili ya samaki wa kufugwa ndani ya kioo nyumbani. Wako wataalamu wanaofikiri kwamba ukoo mzima ulianzia huko Amerika ukaja Afrika zamani za zamani, kabla hapajakuwa na mtu wa kuuona. Mnyoo ulikwenda kinyume. Ulitoka Afrika ndani ya miili ya watumwa, ukafika mashamba ya huko Brazili, ukamkuta binamu wa konokono uliyemwacha nyumbani. Binamu akaupokea.

Jioni nilipowasimulia mafundi, yule wa radieta alielewa haraka kuliko mimi. "Ni pisi ya Pejo," alisema, akionyesha kipuri alichoshika. "Unaitoa apa, unaifikisha Brezili, unakuta moteri ya kule ni ya ukoo ule ule. Inakamata." Kisha akafikiri. "Lakini moteri haizai."

Jua lilipofika katikati ya dirisha mwalimu alianza kuangalia. Aliangalia glasi moja baada ya nyingine bila kusema kitu. Nilimwona akirudia baadhi. Nilipopewa nafasi niliweka jicho, nikaona vumbi likielea, na alipoona nimeshtuka alisema lile ni vumbi. Mwishoni alinyoosha mgongo.

"Wazima. Wote. Leo wazima."

Nilimwambia nitapeleka neno moja tu, wazima. Alitikisa kichwa. Alitaka nipeleke yote. Konokono mzima anaweza kuugua kesho. Inatosha uchafu wa mtu mmoja mgonjwa kufika majini, na vyoo vya msikiti, alikuwa ameviangalia, viko upande wa juu wa ua. Mvua kubwa ikija, maji ya huko yanapita wapi?

Nilijua yanapita wapi. Kila masika yalipita chini ya ukuta hadi langoni, na niliyafagia kutoka kwenye kizingiti cha duka.

*

Nilipeleka yote. Shehe alisikiliza, akasema alhamdulillahi kwa sehemu ya kwanza, na kwa sehemu ya pili alisema patachimbwa mfereji mdogo kabla ya mvua. Wazee waliridhika. Mzee wa kibyongo alitia udhu pale pale, akichovya mikono yote miwili kwa furaha. Jambo likawa limekwisha: dini imeruhusu, maabara imeruhusu.

Nilivuka barabara kumwambia shangazi. Alikuwa nyumbani kwake akitwanga pilipili kwenye kinu kidogo.

"Birika linabaki," nilisema.

"Alihamdulila." Aliendelea kutwanga. "Na madamu alisema nini?"

Nikarudia, pamoja na mvua na vyoo, kwa sababu aliuliza. Pia nikamweleza habari ya konokono mmoja anayezaa peke yake, nikidhani itamfurahisha. Mchi ulisimama.

"Mumoja tu?"

"Mmoja tu."

"Na walikuja mu majani yangu."

"Walikuja katika majani ya yule mama wa mchele."

"Nani alimimina?"

Alifunika kinu kwa sahani, akajifunga kanga yake ya kutokea, akaniambia nimfuate. Tulimkuta shehe barazani. Shangazi hakukaa.

"Shehe, ulinambia mutu akitumia maji, mutoto wangu anapata."

"Nilisema, mama. Na ni kweli."

"Na kama maji imemupatia mutu ugonjwa? Mutoto wa mutu anatia mukono, anavimba tumbo. Iyo nayo inamufikia?"

Shehe alisema hapana. Dhambi haiandikwi kwa maiti kwa kitu ambacho hakukifanya, na wala haiandikwi kwa yeye aliyekusudia heri. Alimtolea dalili kutoka vitabuni. Alizungumza vizuri na kwa upole, na kila alichosema nilikiona kina mantiki.

Shangazi alimsikiliza hadi mwisho. "Bomba ni moja," alisema. "Kile kinapita mule kinapita. Mi siwezi kusema tamu ipite, chungu ibaki. Livunjeni."

"Mama, si lako tena."

Hilo hakulitarajia. Shehe alimweleza kwamba kilichotolewa wakfu kimetoka mkononi mwa aliyekitoa. Hawezi kukirudisha, hawezi kukiuza, hawezi kukivunja. Birika sasa ni la msikiti na la Mungu. Hata yeye shehe hana ruhusa ya kulivunja maadamu watu wananufaika.

"Kwa iyo lile ni lake ilo," shangazi alisema, "na mi ndiye nilileta ugonjwa mu kitu chake." Sikuwa na uhakika lake nani, la mwanawe au la Mungu, na shehe naye hakuuliza.

Hakurudi kukaa na kigoda chake. Siku kadhaa hatukumwona. Alasiri nilikuwa nikitazama upande wa pili watu wakichovya mikono, samaki wakija juu, na kile kivuli cha duka kikiwa kitupu. Mawingu yalianza kukusanyika juu ya ziwa upande wa Kongo.

Shehe ndiye aliyekuja dukani. Aliuliza bei ya kitu fulani ambacho hakukihitaji, kisha akauliza shangazi anakula. Nikasema kidogo. Alisema amefungua vitabu tena. Wakfu hauvunjwi, lakini unaweza kugeuzwa umbo kama maslahi yake yanataka hivyo, ilimradi ubaki ule ule. Maji yabaki maji. Aliniuliza kama nadhani mafundi wanaweza kulifunika birika na kutoa robine ubavuni, mtu asitie tena mkono ndani.

Mafundi waliweza. Walibishana tu. Fundi wa radieta alitaka zege, mwingine alitaka mabati, na walitukanana kwa mapenzi nusu ya asubuhi hadi wakakubaliana zege lenye mfuniko wa bati. Mabomba walipata kwenye vyuma chakavu vyao. Robine hazikufanana hata mbili, moja ilikuwa ya tangi la mafuta la lori. Walipoanza kumwaga maji, shangazi alikuja. Alivua viatu, lakini mwalimu, ambaye alikuwa ameitwa, alimzuia asiingie akampa glavu ndefu za mpira. Shangazi alizivaa. Aliyatoa majani mwenyewe, fungu kwa fungu, akayaweka juani, akayageuza upande wa chini na kutazama. Mwalimu alimwonyesha mayai. Yalikuwa kama matone ya gundi.

"Aya ndiyo yanaenda mpaka Brezili?"

"Aya, mama. Au ndugu zao."

Shangazi alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Samaki waliwekwa kwenye ndoo wakachukuliwa na mwalimu. Konokono walio hai aliwatia kwenye spiriti, wachache aliwabakiza hai kwenye mtungi, akaandika plasta: kwanza Imbo, kisha akasita, akaongeza Buyenzi. Ukuta ukasuguliwa, ukapakwa chokaa, ukaachwa ukauke hadi ukapasuka vipande vidogo kama ganda la yai. Fundi akaziba nyufa, akafunika.

Mvua zilikuja. Maji ya vyoo yalipita pembeni mwa ukuta, kwa sababu mfereji ulichimbwa kweli, na mengine yalikuja hadi kizingitini kwangu kama kawaida. Mwalimu alifungua mfuniko akaangaza kwa kurunzi, akachota, akaangalia, akasema hamna. Alirudi tena mwezi mwingine akasema hamna. Baadaye alipata nafasi ya kwenda nje na hatukumwona tena. Hata kama vipande vile vya nyama vilisomwa, sikupata kujua walikuwa ndugu wa nani.

Robine zilivuja. Zilikuwa chakavu tangu mwanzo, na watu mia wanaozifungua kwa nguvu mara tano kwa siku hawazionei huruma. Fundi wa radieta aliahidi kuja na hakuja. Shangazi alimwomba mmoja wa vijana wa gereji amfundishe, na tangu hapo Alhamisi baada ya Alasiri, ua ukiwa mtupu, alipita langoni na spana na kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Alikata duara kwa mkasi wa nguo, akafungua robine, akatoa mpira uliolika, akatia mpya, akakaza. Kisha alifungua kidogo, akaweka kidole chini yake na kungoja kuona kama tone litaanguka.

Nilimwambia siku moja kwamba naweza kumfanyia kazi ile, vipuri ni biashara yangu. Alikataa bila kunitazama. Alisema birika lilikuwa likifanya kazi bila yeye, akikaa tu na kigoda chake kama mgeni. Robine zinamtaka. Halafu akanionyesha kwa spana ile ya tangi la lori, ambayo siku zote ilikuwa mkaidi, akaniambia kama nataka kusaidia nimkamatie hapo, kwa nguvu, na nisiiachie mpaka aseme.